Nyasi na spinachi hazinywi kikombe kimoja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudanganywa na rangi. Nilikuwa na kipande cha ardhi cha mita 6 kwa 4, nikakigawa katikati: huku nyasi za bustani, huku spinachi. Niliona zote ni majani ya kijani na zote zinapenda maji na mbolea ya naitrojeni, basi mpira wa maji ukawa mmoja, mfuko wa mbolea mmoja, na ratiba ya kumwagilia moja. Miezi miwili baadaye nyasi zilikuwa na mabaka ya njano, na spinachi zimesimama wima kama milingoti, maua juu, majani machache machungu chini.

Nianze na maji, maana hapo ndipo nilipopotea zaidi. Kiasi kwa wiki hakitofautiani sana. Msimu wa joto, nyasi nyingi huridhika na milimita 25 hivi kwa wiki, ukihesabu na mvua. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo nusu yangu ya mita 12 za mraba ilihitaji lita 300, sawa na ndoo 30 za lita 10. Spinachi nazo hazikuwa mbali na hapo. Tofauti ni namna ya kuyatoa. Nyasi zilizokwisha kushika zipe mengi kwa mara moja au mbili kwa wiki, yazame chini, mizizi iyafuate. Mimi nilikuwa nawanyunyizia wote kidogo kidogo kila jioni, na mizizi ya nyasi ikabaki juu juu, kwa nini ihangaike kushuka? Likaja juma la jua kali, zikanyauka kabla ya vitu vingine vyote. Halafu kulaza majani yakiwa yamelowa usiku kucha ni kuutandikia ugonjwa wa ukungu kitanda. Siku hizi namwagilia asubuhi.

Spinachi ni kinyume. Mizizi yake inayofanya kazi kubwa iko kwenye sentimita 30 za juu, na udongo huo ukikauka siku mbili tatu, mmea unahesabu kwamba mambo yameharibika na unakimbilia kuzaa mbegu. Huo ndio uchungu niliouonja. Nyasi ikikosa maji inaweza kujikausha, ikalala, ikaamka mvua ikirudi. Spinachi haina usingizi wa namna hiyo.

Ila ukame peke yake haukuwa na hatia yote. Spinachi halisi ni mmea wa hali ya baridi. Hustawi vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 za selisiasi, na mchana ukirefuka kupita saa 14 hivi, pamoja na joto, hutoa shina la maua hata kama umeihudumia kama mtoto mchanga. Mbegu zenyewe zinachagua: udongo ukifika nyuzi 30, nyingi hazioti kabisa. Anayeishi penye joto mwaka mzima aidha apande mahali penye kivuli cha mchana, au akubali kupanda mbadala wake. Na hapa niseme jambo dogo: mara nyingi kinachouzwa kwa jina la spinachi ni jamaa yake mwenye majani makubwa na vikonyo vinene vyeupe, wa ukoo wa kiazisukari. Huyo huvumilia joto zaidi na huvunwa kwa miezi. Soma pakiti ya mbegu kabla ya kulaumu udongo wako.

Nyasi nazo zina makundi mawili, na kuchanganya makundi hayo ni hasara ya moja kwa moja. Ukoka na ndugu zake wa joto hupenda jua la saa 6 au zaidi kwa siku na hukua kwa nguvu nyuzi 27 hadi 35. Nyasi za baridi, kama raigrasi na feskyu, hupumua vizuri nyuzi 15 hadi 24. Mimi nilipanda ukoka, na nusu ya eneo lake ilikuwa chini ya mti. Mabaka yangu ya njano yalianzia hapo. Laiti ningezibadilishia nafasi! Pale chini ya mti, spinachi ingenishukuru, kwa kuwa inaridhika na jua la saa 4 hivi kwa siku.

Kwenye udongo zinakaribiana: zote mbili hutaka usiotuamisha maji, wenye mboji. Lakini spinachi huchagua sana kuhusu tindikali. Udongo ukishuka chini ya pH 6, yaani tindikali ikizidi, inadumaa na majani yanageuka manjano, wakati ukoka unaendelea kutambaa bila kujali. Pima kwanza, ndipo utie chokaa.

Mbolea ilinifundisha kitu ambacho hakiandikwi kwenye mfuko. Kwa nyasi, kipimo cha kawaida cha kunyunyizia mara moja ni gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, yaani gramu 11 hivi za mbolea ya yurea, kisha unamwagilia papo hapo ili isiunguze. Ukizidisha kidogo, adhabu yako ni kukata nyasi kila siku tatu. Ukizidisha kwenye spinachi, hasa kwenye kivuli, jani linajaza naitreti, chumvi ya naitrojeni, na jani hilo linaenda tumboni mwako. Kwa hiyo upande wa mboga mimi hutia samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda, na basi. Samadi mbichi sitii kabisa kwenye kitu nitakachokula majani yake.

Sasa kukata. Kitovu cha nyasi kinachokua kipo chini, karibu kabisa na udongo, ndiyo maana mashine inapita juu na mmea unaendelea. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na yaache mabaki palepale, kwa kuwa yanarudisha naitrojeni ardhini. Spinachi huvunwa kwa kuchuma majani ya nje, kuanzia siku ya 40 hivi baada ya kupanda, na kuuacha moyo wa katikati. Niliwahi kuipunguza kwa panga kama nyasi, nikisema itachipua. Michache ilijikongoja, mingi ilioza.

Kisa kilichoniuma kuliko vyote ni cha dawa ya magugu. Niliipiga kwenye nyasi, dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Siku ya pili jirani, mama mtu mzima, akachungulia ukutani.

"Mwanangu, hayo majani yamejikunja hivi tangu lini?"

"Tangu jana, mama."

"Na jana ulipuliza nini?"

Nikanyamaza. Spinachi ni mmea wa majani mapana, na upepo haukujua mpaka wangu. Kisha nikazidisha ujinga: mabaki ya nyasi zilizopulizwa nikayatandaza kwenye tuta jipya kama matandazo. Miche iliyoota hapo ilikuwa imejipinda. Baadhi ya dawa hizo hukaa kwenye majani yaliyokatwa kwa muda mrefu, hata kwenye mboji. Tangu hapo nang'oa magugu kwa mkono, na matandazo ya mboga yanatoka kwenye nyasi ambazo hazijapulizwa kitu.

Kuhusu matumizi nitasema machache. Nyasi hushika udongo usiondoke na mvua, hupunguza vumbi na joto la uwanja, na watoto wanaangukia juu yake. Spinachi ni chakula chenye vitamini K na foleti kwa wingi. Ina madini ya chuma pia, ingawa mwili huchukua sehemu ndogo tu, na kuila pamoja na kitu chenye vitamini C husaidia. Ukiuliza ipi inastahili mita zako 12, angalia jua la saa 8 mchana linatua wapi, kisha angalia una saa ngapi kwa wiki za kuinama.

Mimi sasa nyasi ziko uwanjani, spinachi ziko ukutani chini ya kivuli, na kati yao nimechimbia bati kina cha sentimita 20, kwa kuwa ukoka hutambaa juu na chini ya ardhi pia. Spinachi napanda mstari mmoja kila wiki mbili badala ya tuta zima kwa siku moja, ili nisivune kilo tano kisha nikose. Juzi nimekuta uzi mmoja wa ukoka umepanda juu ya bati na kuangukia upande wa pili, tayari umeshatoa vizizi vitatu. Nimeukata kwa mkasi, nikaurudisha kwao.