Kadi ya zamani kwenye Linux: soma chipu kabla hujagusa draiva

Nianze na uzembe wangu mwenyewe maana ndo ulionifundisha. Nilikuwa na kadi ya grafiksi ya zamani ya Nvidia, kwenye lebo imeandikwa GT 630, nikasoma mahali kwamba familia ya 600 inatumia draiva ya 470 (draiva ni programu inayoendesha kadi, na namba ni toleo lake), basi nikashusha, nikainstoli fasta bila kujiuliza mara mbili, nikarestati. Skrini nyeusi. Usiku mzima nikajua kadi imekufa, nikaichomoa, nikaipuliza vumbi, nikairudisha, kumbe kadi nzima kabisa, mbovu nilikuwa mimi.

Iko hivi, jina la GT 630 lilibandikwa kwenye chipu za aina mbili, kuna zenye Fermi na kuna zenye Kepler (ni vizazi vya chipu za Nvidia), na kwenye mambo ya draiva hao hawakai nyumba moja. Fermi mwisho wake ni draiva ya 390, Kepler ndo inafika 470. Yangu ilikuwa Fermi. Kwa hiyo kabla hujafanya chochote fungua teminali, andika lspci -k, shuka mpaka mstari wenye neno VGA, na lile jina la dukani achana nalo, soma kodi ya chipu iliyo kabla yake: ikianza na GF ni Fermi, GK ni Kepler, GM ni Maxwell. Chini kidogo kuna mstari unaokwambia draiva gani inatumika saa hiyo. Sekunde kumi tu, na mimi nilipoteza usiku.

Wengi wanauliza, sasa kwa nini isirudi tu kwenye draiva ya kawaida ikishindwa? Kwa sababu ukiinstoli draiva ya kampuni yenyewe, yaani Nvidia, paketi yake inaweka faili linaloizuia Nouveau isiamke (Nouveau ni ile draiva huria iliyomo ndani ya kerneli yenyewe, kile kiini cha Linux), mara nyingi utalikuta kwenye /etc/modprobe.d, afu ile ya kampuni nayo ikigoma kuitambua kadi yako unabaki huna hii wala ile. Cha kufanya bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwenye teminali tupu, ikigoma pitia recovery kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea kompyuta ikiwaka), ondoa paketi zote za ile draiva kwa purge na siyo remove (purge inafuta mpaka faili za mipangilio), hakikisha lile faili la kuzuia limeondoka, na kama uko Debian au ndugu zake piga update-initramfs -u (inatengeneza upya faili ambalo kerneli inawakia nalo) ndo urestati. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau afu wanasema haijasaidia.

Haya, tuseme umepata toleo sahihi. Mi bado nakushauri usiweke roho yako pale. Draiva ya 340 iliachwa mwisho wa 2019, ya 390 mwisho wa 2022, ya 470 nayo ikafuata 2024, wakati huo kerneli haisubiri mtu, mambo ya ndani yanabadilika toleo baada ya toleo na moduli yoyote ya nje lazima ikompailiwe upya kila ukiapdeti. DKMS, programu ya kukompaili moduli hizo, inakufanyia hiyo kazi kimya kimya mpaka siku inagoma, na inagoma siku ambayo una kazi ya haraka. Kama huna namna basi kaa kwenye kerneli ya LTS (toleo linalotunzwa muda mrefu) na usifute ile ya nyuma kwenye GRUB, lakini ujue matundu ya usalama kwenye draiva iliyoachwa hakuna anayeyaziba.

Nouveau yenyewe nisiipambe sana. Iliandikwa na watu waliokuwa wanachungulia kadi inavyofanya kazi bila kupewa karatasi zake, ikaingia kwenye kerneli 2.6.33 mwaka 2010, na kwa desktopu na kuandika inatosha kabisa. Shida ni spidi. Kadi inabaki kwenye mwendo iliowaka nao, kwa Kepler unaweza kuipandisha kwa mkono kupitia faili linaloitwa pstate, kwa Fermi sahau, na GTX za 900 ndo zimefungwa kabisa maana zinataka fimweya (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi) iliyosainiwa na Nvidia. Gemu hapo usijisumbue.

Na nomodeset jamani! Kila mtu akiona skrini nyeusi anaambiwa weka nomodeset, yaani neno la kuongeza kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Sawa, iweke uweze kuingia na kurekebisha, ila ukiiacha humo kadi inalala na prosesa ndo inachora kila kitu. Andika glxinfo -B, ukiona llvmpipe (uchoraji wa kutumia prosesa) basi ndo sababu feni inalia kama jenereta.

Mwishowe nikapata Radeon HD 7750, kadi ya AMD ya 2012, na hapo ndo nikaelewa raha ya draiva kuwa ndani ya kerneli. Nilichohitaji ni paketi ya fimweya tu, kwenye Debian inaitwa firmware-amd-graphics. Kwa kawaida ilikuwa inachukua draiva ya zamani ya radeon ambayo haina Vulkan (njia ya kisasa ya gemu na programu kuitumia kadi), nikafungua /etc/default/grub nikaongeza radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1, nikapiga update-grub, na Vulkan ikaja kwenye kadi ya umri ule. Kuanzia kerneli 6.19 hata hiyo huhitaji kuiandika. Ila zile HD 5000 na HD 6000 usizitafutie Vulkan, hazina. Za kale zaidi kama Radeon 9200, draiva zake zilitolewa kwenye Mesa 22.0 (Mesa ni mkusanyiko wa draiva huria za grafiksi) zikahamishiwa tawi la Amber, linalotunza draiva za zamani, zinatumika bado lakini utahangaika kidogo.

Kitu kingine, kadi yako ikiharibika baada ya kuapdeti usinune kimya kimya. Wanaoandika draiva wengi wao hawana tena kadi kama yako mezani, hawawezi kujua. Watumie lspci -nn, watumie dmesg (kumbukumbu za kerneli) nzima na siyo kipande ulichokiona wewe cha maana, na uwaambie kerneli ya mwisho iliyokuwa inafanya kazi na ya kwanza iliyogoma. Mi niliwahi kutuma picha ya skrini nyeusi, eti ndo ushahidi. Sikujibiwa.