Deraya huanza na giza

Askari wa kwanza niliyempaka rangi alikuwa Mfaransa wa vita vya Agincourt vya 1415, vya Waingereza na Wafaransa, sanamu ya plastiki yenye kimo cha milimita 28. Nilimpiga rangi ya fedha moja kwa moja kutoka kichupani, tabaka mbili. Aling'aa kweli, lakini viungo vyote vya deraya, vazi lake la chuma la vitani, vilipotea. Kiwiko, goti na mikanda vyote vilikuwa kitu kimoja, kama amefungwa karatasi ya pakiti ya sigara.

Nilichokosea nilikiona kwenye panga la shamba. Ubapa wake umefifia, karibu na weusi, na mng'ao uko kwenye makali tu, pale tupa ilipopita. Tangu hapo naanza na praima nyeusi, rangi ya msingi, naiacha ikauke kabisa.

Dirii ya pete, vazi la pete ndogo za chuma zilizounganishwa, ile inayoonekana shingoni na kwapani, inataka brashi kavu. Chovya ncha kwenye rangi ya chuma, ifute kwenye tishu mpaka udhani imekwisha, kisha ipitishe juu juu. Rangi hushika migongo ya pete, na weusi hubaki matunduni. Mabamba ya deraya yapake rangi ya chuma iliyofifia, kisha nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi ijiingilie yenyewe kwenye maungio. Fedha safi ije mwisho kabisa, kwa mstari mwembamba: ukingo wa chapeo, kilele cha goti, basi.

Maji ya kuoshea brashi ya fedha yawe na kikombe chake. Chembe zake zikiingia kwenye rangi nyekundu, hazitoki. Na ukipaka vanishi isiyong'aa, itafifisha chuma chote, kwa hiyo ile mistari ya fedha ichore baada yake.

Kwenye kanzu na ngao, fuata kanuni ya nembo za enzi hizo: njano na nyeupe zilihesabiwa madini, dhahabu na fedha, na madini hayakuwekwa juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Mfalme wa Ufaransa alikuwa na mayungiyungi matatu ya dhahabu kwenye buluu, yakatambulika kwa mbali.

Kutu usiizidishe, watu hawa walikuwa na watumishi wa kuwasugulia deraya. Matope ndiyo usiyaonee haya. Uwanja wa Agincourt ulikuwa shamba lililotoka kulimwa, likanyeshewa usiku kucha, nao walilivuka kwa miguu. Kuanzia magotini kwenda chini, mimi hupaka udongo mzito, hata juu ya fedha niliyoihangaikia.