Amplifaya ya mfukoni kwa earfoni nyepesi: tafuta ukimya kabla ya nguvu

Karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu amplifaya ya mfukoni huanza na swali lile lile: ina nguvu kiasi gani? Kwa mwenye hedifoni kubwa za ohm 300, ambazo ni ngumu kusukuma, swali hilo ni la msingi. Kwa sisi tunaotumia earfoni za kuzama sikioni, hasa zenye draiva (spika ndogo za ndani) kadhaa kila upande, nguvu ndicho kitu cha mwisho kuulizia. Earfoni hizi, ndizo ninazoziita nyepesi, huitikia umeme kidogo mno, na haziulizi kama umeme huo ni muziki au ni uchafu wa amplifaya. Vyote vinafika sikioni.

Tupige hesabu. Chukua earfoni zenye sensitiviti (sauti zinayotoa kwa umeme fulani) ya desibeli 110 kwa miliwati moja na impidansi (ukinzani wake kwa umeme) ya ohm 16. Ziko tele za namna hiyo. Ili zikupe desibeli 85, sauti ambayo kwa kusikiliza muda mrefu tayari ni kubwa, zinataka takriban maikrowati 3 tu. Miliwati moja ina maikrowati 1,000, kwa hiyo hapo hatujafika hata mahali pa kutaja miliwati. Kwa upande wa volti ni kama milivolti 7. Adapta ndogo ya USB-C (amplifaya ndogo inayochomekwa kwenye simu) inayoweza kutoa volti 1 ina uwezo wa kuzisukuma earfoni hizo hadi desibeli 128, kiwango kinachoumiza sikio papo hapo. Sasa tangazo likijisifu kwa miliwati 500, unauziwa kitu ambacho hutakigusa kamwe, na mara nyingi pamoja nacho unauziwa kelele.

Kelele ninayoisema ni ile shiii nyembamba inayosikika chini ya muziki, zaidi usiku, wimbo ukiwa haujaanza au noti ya mwisho ya piano ikififia. Kuna watu haiwakeri. Mimi hunikera sana, kwa sababu hula zile sehemu za muziki zilizorekodiwa kwa upole, na ndizo zilizonifanya nitafute earfoni nzuri. Earfoni za mfano wetu hutoa desibeli 128 kwa volti moja. Amplifaya yenye kelele ya maikrovolti 10 (maikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti) itazifanya zitoe shiii ya desibeli 28, na sikio likiwa limezibwa vizuri na mpira wa earfoni, kitu hicho kinasikika wazi. Yenye kelele ya maikrovolti 2 inashuka hadi desibeli 14, na hapo mtu wa kawaida hasikii lolote.

Shida ni kwamba boksi mara nyingi halikwambii maikrovolti. Hukwambia uwiano wa muziki na kelele, tuseme desibeli 115, na wanunuzi wengi huishia hapo wakidhani namba kubwa ndiyo ukimya. Uwiano huo huhesabiwa dhidi ya sauti ya juu kabisa ambayo amplifaya inaweza kutoa. Yenye kilele cha volti 1 na uwiano wa 115 ina kelele isiyofika maikrovolti 2. Yenye kilele cha volti 4 na uwiano huo huo wa 115 ina kelele ya maikrovolti 7. Namba kwenye boksi ni ile ile, kelele ni mara nne. Kwa hiyo ukiona uwiano, tafuta na volti za juu, kisha linganisha hayo mawili pamoja.

Kipimo ninachokiamini kuliko karatasi yoyote ni kusikiliza mwenyewe, lakini kusikiliza kuna utaratibu wake. Adapta nyingi hujizima upande wa sauti sekunde chache baada ya muziki kusimama: utasikia tiki ndogo, halafu kimya kabisa. Ukijaribu katika hali hiyo utasifia adapta iliyolala. Cheza faili lisilo na sauti ndani yake, au simamisha muziki na usikilize kabla ya ile tiki. Kaa chumba kitulivu, zima feni, na subiri kidogo sikio litulie.

Kisha zungusha sauti. Rafiki yangu aliniletea amplifaya ya betri iliyosifiwa sana, akilalamika kwamba simu yake ina kelele. Tulishusha sauti ya amplifaya hadi sifuri, na ile shiii ikabaki vile vile, haikupungua hata kidogo. Tukachomoa waya uliotoka kwenye simu, bado ipo. Basi simu haikuwa na kosa, kelele ilikuwa ya amplifaya yenyewe, ikizaliwa baada ya kizungushio cha sauti. Ingekuwa inapanda na kushuka kadiri unavyozungusha, ingekuwa inatoka kwenye simu, na dawa yake ipo: pandisha sauti ya simu, shusha ya amplifaya, na kelele ya simu itashushwa pamoja na muziki. Kelele ya amplifaya yenyewe haina dawa ya namna hiyo.

Jambo la pili ni impidansi ya tundu la amplifaya, na kwa earfoni zenye draiva nyingi nalitilia uzito karibu sawa na kelele. Impidansi ya earfoni hizo haikai mahali pamoja. Inaweza kuwa ohm 8 kwenye noti fulani na ohm 40 kwenye nyingine, hata kama boksi limeandika namba moja. Ukizichomeka kwenye tundu lenye ohm 10, zile sehemu za ohm 8 hupoteza desibeli 7 na zile za ohm 40 hupoteza 2 tu. Maana yake umbo zima la sauti limepindishwa kwa desibeli 5: besi inaweza kuvimba, au trebo ikafifia, au kinyume chake, ikitegemea earfoni. Halafu mtu atasema earfoni zake mpya hazina uwazi. Tundu lenye ohm 1 hupunguza tofauti hiyo hadi chini ya desibeli moja. Kanuni inayotumika sana ni kwamba impidansi ya tundu isizidi sehemu ya nane ya ile ya earfoni, ambayo kwa ohm 16 ni ohm 2. Mimi kwa draiva nyingi nataka chini ya ohm 1, na mtengenezaji asiyeitaja namba hii namwacha. Kama earfoni zako zina draiva moja ya kawaida ya sumaku na koili, impidansi yake kwa kawaida haiyumbi sana, kwa hiyo hapa unaweza kulegeza kamba.

Jihadhari na tundu la balansi la milimita 4.4, ambalo kila sikio husukumwa na amplifaya mbili. Linauzwa kama daraja la juu, na kwa hedifoni ngumu lina faida ya kweli. Lakini kwa kawaida huongeza volti hadi mara mbili, na impidansi yake huwa mara mbili ya ile ya tundu la milimita 3.5 la kifaa hicho hicho. Kelele nayo hupanda. Kwa earfoni nyepesi mimi hutumia la milimita 3.5 bila kujisikia nimekosa kitu.

Kuhusu sauti yenyewe, angalia inavyodhibitiwa kule chini, maana ndiko utakakoishi. Kizungushio cha kawaida cha analogi mara nyingi hakilingani pande mbili kikiwa karibu na mwanzo. Mwimbaji anahamia kushoto, na ukiongeza ili arudi katikati, sauti tayari imekuwa kubwa mno. Amplifaya yenye geini (kiasi inachokuza sauti) ya chini, mara 1 au chini ya hapo, hukuwezesha kuzungusha hadi eneo ambalo pande zinalingana. Adapta zinazotegemea sauti ya simu zina tatizo jingine: simu nyingi za Android zina ngazi 15 tu za sauti ya muziki, na kwa earfoni nyepesi ngazi ya pili ni ndogo, ya tatu ni kubwa. Tafuta adapta yenye vitufe vyake vya sauti au ngazi nyingi za ndani. Ni jambo dogo kwenye karatasi, lakini utaligusa kila siku.

Kama tayari unayo amplifaya yenye kelele na hutaki kuiacha, kuna vipunguza sauti vidogo vinavyochomekwa kati yake na earfoni. Hushusha muziki na kelele kwa pamoja, kisha wewe unapandisha muziki peke yake. Chagua kile kilichotengenezwa kwa vikinza (vipande vinavyozuia umeme) viwili kila upande, si kimoja cha kupitishia tu, maana kimoja huongeza impidansi na kukurudisha kwenye ule upindaji wa besi na trebo.

Na tafadhali linda masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na umeshaona desibeli hizo zinafikiwa kwa umeme mdogo kiasi gani. Washa amplifaya kwanza, shusha sauti, chomeka, ndipo uvae. Nyingine hutoa mlio mkali wa kuwaka, na mlio huo ukiwa na earfoni za namna hii masikioni si mchezo.

Kabla ya kununua chochote, fanya kile kipimo cha ukimya kwenye simu au kompyuta uliyonayo. Kama ni kimya, na sauti unaipata vizuri katika ngazi za chini, hela yako iache ilipo au iongeze kwenye earfoni zenyewe. Mimi kwa matumizi ya kila siku nina adapta nyepesi ya USB-C, tundu lake chini ya ohm 1, yenye vitufe vyake vya sauti, na sijaona sababu ya kuibadilisha. Amplifaya yangu kubwa ya betri ninayo bado, naitoa ninapovaa hedifoni za ohm 300.