Jiwe kavu likichomwa linatoa maji: yalikuwa wapi?

Mleta mada, umesema jiwe lako la jasi lilianikwa juani mwezi mzima, ukalisaga, ukalipasha moto kwenye neli ya kioo, matone yakajitokeza karibu na mdomo. Wachangiaji wawili wamekujibu kwamba halikukauka. Lilikauka, ndugu yangu. Nimekulia kwenye matanuru ya tofali kule Mufindi kabla sijasomea miamba, na jambo hili nililiona kwa macho kabla ya kulisoma.

Unyevu ni maji yaliyojificha kwenye nyufa na vitundu. Hayo jua linayamaliza. Maji ya jasi ni sehemu ya jiwe lenyewe. Fuwele ilipokuwa inakua ndani ya maji ya chumvi, molekuli nzima za maji zilipangwa humo safu kwa safu, mbili kwa kila atomu moja ya kalisiamu iliyomo kwenye jasi. Gramu 100 za jasi safi zina karibu gramu 21 za maji. Ukifikisha nyuzi 150 hivi, robo tatu yake yanatoka na unabaki na unga wa plasta, ule wa kufungia mguu uliovunjika. Uloweshe, unayapokea tena maji yale na kukaza.

Udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Humo maji hayakuingia mazima, yalivunjwa. Chukua graniti ya Iringa: ndani yake mna madini yaitwayo feldspa. Mvua inashuka na asidi kidogo kutokana na kaboni dayoksaidi ya hewani na ya udongoni, inaondoa potasiamu polepole, haidrojeni ya maji hayo inashika nafasi yake, na alumini na silikoni zilizobaki zinajipanga upya kuwa kaolini, udongo mweupe wenye vijitando vyembamba mno. Karibu nusu ya oksijeni za vijitando hivyo zimebeba haidrojeni moja moja. Oksijeni iliyobeba haidrojeni moja hivyo ndiyo haidroksili. Ukitafuta molekuli ya maji ndani ya kaolini safi hutaipata. Ila ichome nyuzi 500 hadi 600: haidroksili mbili zinaungana, molekuli moja ya maji inatoka kama mvuke, oksijeni moja inabaki. Uzito unashuka karibu asilimia 14.

Baba alikuwa akiwasha tanuru kwa moto mdogo usiku kucha. Kila baada ya muda anapanda, anaweka kiganja juu ya tofali za juu, kikirudi kimelowa anasema, "Bado." Huo ulikuwa unyevu tu. Kiganja kikirudi kikavu ndipo anasukuma magogo makubwa. Mwaka mmoja kuni zilituishia kabla moto haujafika pembeni. Tofali za nje zilikuwa kavu, ngumu, nzuri kutazama. Mvua za Desemba zikapiga siku tatu, kidole changu kikazama kwenye tofali kama kwenye ugali. Za katikati, zilizonyeshewa mvua ileile, ukizigonga zinalia kama kengele. Za nje zilipoteza unyevu lakini haidroksili zake zilibaki, kwa hiyo bado zilikuwa udongo. Za katikati moto ulizing'oa haidroksili, vijitando vikavunjika, na mvua haiwezi kuvirudisha.

Kuna na madini ambayo kwenye fomula hayana haidrojeni kabisa, kama olivini, yale mawe ya kijani ndani ya lava nyeusi ya Rungwe. Hata humo, pale magnesiamu moja inapokosekana, haidrojeni mbili hujibanza kwenye oksijeni za jirani. Ni kidogo sana, lakini huko chini kabisa ardhini mambo hubadilika: mwaka 2014 watafiti walitangaza chembe ya ringwudaiti, ndugu wa olivini aliyeumbwa kwa shinikizo la kina cha zaidi ya kilomita 400, ndani ya almasi kutoka Juína, Brazili. Ilikuwa na zaidi ya asilimia 1 ya maji kwa uzito.

Rudia jaribio lako ukiwa na mizani. Pima unga, pasha taratibu, upime tena hadi uzito usimame. Ukitaka kujaribu na kaolini, taa ya spiriti haitakutosha. Tafuta jiko la mkaa lenye mivukuto.