Mkataba wa Siku 90 Ukiangukia Msimu wa Uchaguzi

Wadogo zetu wa udalali wa nyumba Nairobi, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari tunawasikia mkiwaambia wateja wangoje bei ianguke. Tunawapenda, lakini hilo mmelirithi bila kulipima.

1. Hesabuni mauzo yaliyokamilika, msihesabu matangazo. Mwenye nyumba Kileleshwa asiyedaiwa hashushi bei kwa sababu ya kampeni. Anafunga mlango na kungoja. Kinacholegea ni masharti: awamu za malipo zinarefushwa, maegesho ya pili yanaongezwa. Anayeshusha bei ni yule anayebanwa na benki, kwa hiyo fanyeni sachi (upekuzi wa rekodi za ardhi) kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, muone kama hati ina chaji, yaani imewekwa rehani benki.

2. Hili ndilo limewaliza wateja wengi, na sisi tuliotangulia tumelishiriki: kumwacha mnunuzi wa mkopo atie sahihi mkataba wa kukamilisha mauzo ndani ya siku 90, usio na kifungu cha mkopo, yaani kinachomlinda benki isipotoa pesa. Chukueni nyumba ya shilingi milioni 10. Mteja ametoa arubuni ya asilimia 10, ana milioni 1 nyingine akibani, na benki imeahidi milioni 8 kwa miaka 15, riba asilimia 14. Kila mwezi atalipa kama 106,500. Kisha riba inapanda. Si jambo la kubuni: Desemba 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitoa riba yake asilimia 10.5 ikaifikisha 12.5 katika kikao kimoja. Mkopo ukihesabiwa kwa asilimia 16, malipo yanafika kama 117,500. Ikiwa makato yake tayari yalikuwa ukingoni, sheria ya kumwachia mfanyakazi theluthi moja ya mshahara inazuia, na benki inapunguza mkopo hadi takriban milioni 7.25. Pengo ni kama 745,000, na bado ushuru wa stempu wa asilimia 4 unamngoja, yaani 400,000. Muuzaji anatuma notisi ya siku 21 ya kumtaka akamilishe. Zikipita, ile milioni ya arubuni imeenda, na mteja huyo hana nyumba, tena amebaki na nusu tu ya pesa alizoanza nazo.

Sasa ongezeni siasa. Mwaka 2017 kura zilipigwa Agosti 8, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais Septemba 1, uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26. Mkataba wa mwanzo wa Julai ulikomaa katikati ya mvutano huo. Basi ombeni siku 120. Kifungu kiseme wazi kwamba benki isipotoa kiasi kilichotajwa, arubuni inarudi yote. Na pesa hizo zikae kwa wakili wa muuzaji kama mshikadhamana, yaani azishike kwa niaba ya pande zote mbili, asimkabidhi muuzaji mpaka mauzo yakamilike. Muuzaji atanung'unika, msirudi nyuma hapo.

3. Nyumba inayouzwa kabla ya kujengwa: ulizeni bei ilipangwa dola ikiwa ngapi. Januari 2024 ilikaribia shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa kama 130. Lifti na vigae vinaagizwa nje. Aliyepanga bei siku za 160 ana nafasi ya kupunguza, mwombeni.

4. Shamba linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na nyumba ya familia inahitaji idhini ya mke au mume. Ombeni vyote wiki ya kwanza.

5. Rudieni sachi asubuhi ya siku ya kukamilisha, kabla pesa hazijatoka. Ile ya miezi mitatu iliyopita haiwezi kuwaonyesha zuio la kuuza lililowekwa kwenye hati jana.