Kwa nini mgonjwa wa ekstasi alizuiliwa maji?

Swali: Daktari, salamu. Binti wa shangazi yangu alimeza kidonge cha ekstasi katika sherehe ya ufuoni hapa Malindi mwezi wa Desemba. Alipolalamika kiu na joto tulimpa maji chupa baada ya chupa, kwa kuwa tumesikia kwamba maji hupunguza makali ya kidonge. Baadaye alitapika, akawa hajui alipo, kisha akatukutika mwili mzima. Hospitalini alizuiliwa maji, akatiwa dripu ndogo tu ambayo muuguzi alisema ni ya chumvi kali. Je, hiyo ndiyo tiba?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozieleza, hiyo ndiyo tiba, na sababu yake ni kwamba ekstasi, dawa ya kulevya iitwayo pia MDMA, huweza kumletea mtu hatari mbili zenye matibabu yanayopingana: mwili kupata joto kupita kiasi, na damu kuzimuliwa na maji.

Tuanze na iliyompata binti yenu. Kidonge hiki huufanya ubongo umwage homoni ya vasopressini, ambayo huziamuru figo zizuie maji badala ya kuyatoa kwa mkojo, na wakati huohuo kinywa hukauka na mtu huendelea kunywa. Sodiamu ya damu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, hushuka. Maji huingia katika seli za ubongo, nao, ukiwa umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia. Wanaopatwa zaidi ni wanawake. Mwaka 1995 nchini Uingereza, Leah Betts, binti wa miaka 18, alifariki baada ya kumeza kidonge na kunywa takriban lita 7 za maji kwa muda usiofika saa moja na nusu.

Hata dripu ya kawaida, ile ya chumvi asilimia 0.9, ina hatari hapo, kwa sababu figo zinaweza kuitoa chumvi yake na kubaki na maji. Ndiyo maana hutumika ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150 kwa mara moja, kisha sodiamu hupimwa tena na tena, kwani kuipandisha kwa pupa nako huudhuru ubongo.

Hatari ya joto ni mgonjwa mwingine kabisa. Msimu wa kaskazi hewa yetu hujaa unyevunyevu, jasho halikauki mwilini, na mtu hucheza kwa saa nyingi bila kuhisi uchovu. Joto likipita nyuzi 40, misuli huanza kuharibika, mkojo huwa wa rangi ya kahawa, figo hushindwa kufanya kazi. Parasetamoli haisaidii, kwa kuwa hii si homa ya maambukizi. Huyu huvuliwa nguo, hulowekwa na kupepewa, huwekewa barafu kwapani na kinenani, hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa mshipa, na aghalabu maji ya dripu anayahitaji sana.

Wote wawili huweza kuletwa taya zimekaza, mboni za macho zimepanuka na maneno hayaeleweki, wala kwa macho matupu sithubutu kuwatofautisha. Huamua kipimajoto na kipimo cha sodiamu. Kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya, ambacho jamaa hukiulizia sana, hakibadilishi tiba ya saa ya kwanza.

Kinachoibadilisha ni maelezo ya aliyemleta mgonjwa. Hadithi kwamba mgonjwa alikula samaki aliyeharibika tumeizoea. Hofu ya polisi naielewa, lakini muda unaopotea ni wa mgonjwa. Semeni alichomeza, saa ngapi, maji kiasi gani, na kama alikuwa akitafuna muguka, ambayo nayo huuchochea moyo, au alitumia tramadoli, dawa ya maumivu ambayo ikikutana na ekstasi huweza kuzidisha serotonini, kemikali ya ubongo, kwa kiwango cha hatari. Kidonge kilichobaki kileteni, kwani vingine vinavyouzwa kwa jina hilo huwa na PMA, kemikali nyingine ya kulevya inayochelewa kufanya kazi, hivyo mtu hudhani amepata kidonge dhaifu akaongeza cha pili.

Aliye macho na anayejitambua anaweza kunywa mafunda machache akisikia kiu. Aliyechanganyikiwa asipewe chochote kinywani. Mlazeni kwa ubavu, mpepeeni akiwa na joto, na mumpeleke hospitali bila kusubiri kupambazuke.