JIBU: Usimwite Kinjeketile mwongo kabla hujafika gerezani

Mdogo wangu, hicho kitini kiweke pembeni. Usikitupe, kitafaa kufungia vitumbua, ila usikifungue tena mpaka Ijumaa ipite.

Nimesoma uzi wako na roho imeniuma. Una wasilisho la Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, umenunua desa, yaani kitini cha "uchambuzi kamili", steshenari, na jedwali la wahusika umeshalijaza: Kinjeketile ni mshirikina, mwongo, mpotoshaji, dhamira kuu ni "madhara ya ushirikina katika jamii". Unauliza kama jedwali linatosha, dhamira ziwe ngapi, uanze na fani au maudhui, na utaioanishaje na Juliasi Kaizari ya Shakespeare. Haya, la kwanza: halitoshi. Tena litakuponza, maana hilo jedwali nalijua neno kwa neno. Niliwahi kulisoma kwa sauti mbele ya darasa zima.

Mimi desa langu niliuziwa na jamaa mmoja wa tuisheni, maeneo ya Mwenge. Simtaji, bado anadunda mjini na wateja anao. Huyu bwana alikuwa anauza vitini vya tamthiliya ambazo naapa hajawahi kuzifungua. Ukimuuliza swali la kitabu anakujibu kwa ukali, ukimuuliza bei anakujibu kwa upole. Alitukaririsha kwamba mhusika ana sifa tatu, kila sifa na nukuu moja, umemaliza. Nukuu zenyewe kashaziokota yeye, kazi yako ni kunakili. Na kabla hamjaanza kunicheka humu: ndiyo, najua kitabu chenyewe ni chembamba, kinaisha kabla daladala halijavuka foleni ya Ubungo. Nilikuwa na mambo mengi. Tuendelee.

Nukuu niliyopewa ni ile ambayo Kinjeketile anatangaza kwamba Mjerumani akishaondoka, watu watakuwa wana wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Nikaijengea hoja ukurasa mzima: lengo la Kinjeketile ni kurudisha utawala wa Sultani, kwa hiyo si mzalendo, anawadanganya watu wa Rufiji kwa maji, ile dawa ya kuzuia risasi, ili wabadilishe bwana. Nilijiona profesa. Mhadhiri akaniacha nimalize, kisha akauliza kwa utaratibu kabisa: maneno hayo kayasema lini? Kabla ya kuzinduka au baada? Nikajibu, "Katikati ya kitabu." Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ili ionekane nimetania.

Maana fuatilia mwenyewe. Tamthiliya inaanza na njaa. Wanawake wanahangaika na chakula, waume zao wanatumikishwa kwenye shamba la mzungu, Bwana Kinoo, na hakuna kabila linaloliamini jirani yake. Maji hayajatajwa bado. Halafu Kinjeketile anapandwa na Hongo, mzimu wa mtoni, anaburutwa mpaka mtoni, anazama Rufiji, anaibuka siku ya pili akiwa mkavu. Ndipo anatangaza maji, anatangaza umoja, na ndipo hilo la Seyyid Said linamtoka. Anayesema hapo ni mtu aliyepandwa na mzimu. Akizinduka, akaambiwa alichosema, anashtuka kuliko sisi wasomaji. Tumtoe Mjerumani ili tuwe watu wa Sultani? Tokea hapo shaka inamla. Anaanza kuwazuia watu: subirini, msiende vitani bado. Kitunda, ambaye ana akili ya vita kuliko wote, anahangaika kuwafundisha, lakini watu hawana muda tena wa mafunzo. Wameshapata neno. Na yeye mwenyewe analiona hilo, anasema kwamba mtu huzaa neno, neno likakua mpaka likamzidi aliyelizaa.

Sasa nionyeshe kwenye jedwali lako hicho kitu kimekaa safu ipi. "Mwongo"? "Mpotoshaji"? Mimi nilichukua maneno ya mtu aliyepagawa nikayafanya sera yake ya maisha.

Swali la pili la mhadhiri ndilo lililonimaliza. Akaniuliza, gerezani Kinjeketile anasema nini? Sikujua kama kuna gereza. Desa langu liliishia "hatimaye wananchi wanashindwa kwa sababu ya ushirikina", nukta, bei shilingi kadhaa. Kumbe baada ya kushindwa wanakamatwa, Kinjeketile anatakiwa atamke tu kwamba maji ni uongo, na Kitunda mwenyewe, rafiki yake, anamsihi aseme. Anakataa. Anaona mbali: akisema, kesho Mjerumani atawaambia watoto wetu kwamba baba zao walikosea kupigana naye.

Tulia hapo, soma polepole. Mtu anaambiwa, kiri kwamba ulidanganya. Mwongo wa kwenye kitini chako angekiri haraka, tena angeomba na nauli ya kurudia nyumbani. Huyu anakataa, na kwa kukataa anaacha uongo wa maji usimame ili ukweli wa kupigana usife. Hilo ndilo fumbo la tamthiliya nzima. Ukilikosa hilo huna dhamira, una mawaidha ya kupinga waganga. Mimi nililikosa kwa sababu ya bwana aliyefupisha asichokisoma.

Nilikamata sapu, mtihani wa kurudia. Wenzangu wanafunga mabegi kwenda makwao, mimi nabaki Sinza nalipia chumba bila boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, nasoma kitabu kilekile ambacho ningekisoma jioni moja. Jamaa wa Mwenge nilimfuata. Akasema toleo jipya la kitini lina sehemu ya gereza, kama nataka.

Na kitini hicho kilikuwa na sumu nyingine ambayo huenda na chako kinayo, kwa sababu wote wananakiliana. Kilipachika ukurasa wa historia: Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907, Kinjeketile Ngwale akanyongwa na Wajerumani pale Mohoro, Agosti 1905. Sawa, hiyo ni historia. Lakini yule alinyongwa vita ndiyo vinaanza. Wa kwenye tamthiliya yupo hai baada ya kushindwa, anabishana gerezani. Hussein mwenyewe, alipoitoa tamthiliya hii kwa Kiingereza, alitahadharisha kwamba mtu wake ni wa kubuni, si tathmini ya yule wa kihistoria. Ukiwachanganya utajikuta unamlaumu maiti kwa mambo aliyoyafanya mhusika.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu na niliilipia, wewe nakupa bure. Usiandike sifa yoyote ya mhusika mpaka umejibu: kasema nani, kamwambia nani, na wakati huo alikuwa katika hali gani. Nukuu ambayo huwezi kuijibia hayo, ifute, hata kama ni tamu kiasi gani.

Huyo Kaizari wako naye ni hivyohivyo. Chukua tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwanza 1963, nenda kwenye hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, mbele ya maiti ya Kaizari. Anarudia na kurudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua, ni mtu wa heshima. Nimeona kwa macho yangu desa limeandika: "Sifa za Brutus: anaheshimika, hata Antony anathibitisha." Wallahi. Antony anasimama mbele ya umati, adui zake wamemruhusu kusema kwa masharti, hawezi kuwatukana waziwazi, kwa hiyo anawasifia mpaka sifa inageuka tusi. Umati unaondoka hapo kwenda kuchoma nyumba za waliomuua Kaizari. Na njiani wanakutana na Cinna mshairi, ana jina moja na Cinna aliyekuwa kwenye njama. Anawaambia mimi siye, mimi mshairi tu. Wanamuua hivyohivyo, kwa jina. Hao ndio waasisi wa vitini vya uchambuzi.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme mbona kwa Shaaban Robert sifa ziko wazi, Majivuno ni Majivuno. Sawa, kwenye kitabu chake cha Kusadikika jina linakusaidia kuanza. Lakini hata mashtaka ya Majivuno dhidi ya Karama, anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, ukiyanakili bila kusema ni mshtaki anayezungumza mbele ya baraza, utajikuta unaandika kwamba kufundisha uanasheria ni hatari kwa nchi na mwandishi anakubali.

Mambo ya dhamira ngapi sijui, wengine watakujibu. Mimi nilikuwa nazo saba na zote zilikuwa uongo.

Kitabu kama huna, jaribu Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed, au pitia wauza vitabu vya mitumba mjini, usikubali nakala iliyokatika mwishoni. Soma kurasa za gerezani kwanza. Ndiyo, anzia mwisho, mhadhiri hatajua. Halafu rudi hapa uandike sifa moja tu ya Kinjeketile na maneno yaliyokufanya uione, na useme kayatamka kwa nani na akiwa katika hali gani. Leo usiku nipo macho, umeme ukiwepo. Na hilo jedwali usilipeleke kuchapishwa bado.